Mkanda wa jeshi na maradhi ya kusahau: Yaliyogunduliwa Wales yana ujumbe kwa wazee wa Pwani

Mzee akianza kuuliza swali moja mara nne kwa asubuhi moja, hapa kwetu majibu huwa tayari. Wapo watakaosema ni uzee tu, mtu akikongeka hurudi utotoni. Wapo watakaosema amechezewa, atafutiwe mganga. Na katika baadhi ya vijiji vya Kilifi kuna jibu la tatu, ambalo ndilo la hatari zaidi: mzee mwenyewe ndiye mchawi. Ni nadra mtu kusema, kwa sauti ya kawaida kama anavyotaja sukari au presha, kwamba huenda mzee huyu ana maradhi ya ubongo.

Maradhi hayo madaktari huyaita dimenshia. Wengi wetu tunayajua kama maradhi ya kusahau. Katika miaka michache iliyopita pamekuwa na mjadala mkubwa kati ya wanasayansi kuhusu chanzo chake, na swali lililo mbele ni hili: je, virusi vya kawaida vinavyotuingia tukiwa watoto au vijana vinaweza kuchangia kutuharibia kumbukumbu uzeeni?

Mjadala huu haupaswi kubaki katika maabara za Ulaya na Marekani. Unagusa tetekuwanga ya watoto wetu, mkanda wa jeshi wa wazee wetu, dawa za ndugu zetu wanaoishi na virusi vya ukimwi, na pia roho za wazee zinazopotea kwa tuhuma za uchawi. Ni vyema tuuelewe, tujue kipi kimethibitika na kipi bado.

Kwanza, dimenshia si ugonjwa mmoja. Ni jina la jumla la hali ambayo ubongo unapoteza nguvu zake kidogo kidogo, mpaka mtu anashindwa kukumbuka, kupanga mambo, kuzungumza sawasawa na hatimaye kujihudumia. Ulio maarufu zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, unaochukua kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, jambo linalowapata sana wenye presha na waliowahi kupigwa na kiharusi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hii mwaka wa 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hapa Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na kuendelea. Kwa hivyo tusidhani haya ni maradhi ya Wazungu.

Sasa tuje kwenye Wales. Mnamo Septemba 1, 2013, serikali ya huko ilianza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi kwa wazee. Chanjo hazikuwa za kutosha watu wote, kwa hivyo ikawekwa kanuni. Aliyezaliwa Septemba 2, 1933 au baada ya hapo angepata nafasi ya kuchanjwa kwa angalau mwaka mmoja. Aliyezaliwa kabla ya tarehe hiyo, hata kwa siku moja, hakuwa na haki hiyo maisha yake yote.

Watungaji wa kanuni hiyo walikuwa wakipanga matumizi ya pesa na dozi tu. Lakini bila kukusudia waliwaachia watafiti jambo adimu. Kwa kawaida, ukilinganisha watu waliochanjwa na wasiochanjwa, unajidanganya. Anayekimbilia chanjo mara nyingi ndiye huyo huyo anayejali chakula chake, anayefanya mazoezi na kumuona daktari mapema. Akikosa kuugua, hujui kilichomsaidia ni chanjo au ni tabia zake. Wales ilikuwa tofauti. Mzee aliyezaliwa wiki moja kabla ya tarehe ile na aliyezaliwa wiki moja baadaye hawana tofauti yoyote ya maana. Wamekula chakula kimoja, wameishi zama moja, na maradhi yao ya moyo na sukari yalikuwa sawa. Kilichowatenganisha ni karatasi ya kuzaliwa. Katika kundi la kwanza karibu hakuna aliyechanjwa. Katika kundi la pili waliochanjwa walikuwa asilimia 47.

Timu iliyoongozwa na Pascal Geldsetzer wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilipitia rekodi za matibabu za zaidi ya wazee 280,000 wa Wales. Matokeo yalichapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature. Katika muda wa miaka saba, chanjo ilipunguza wagonjwa wapya wa dimenshia kwa asilimia 20. Tuseme kwa lugha nyepesi: kati ya kila wazee watano ambao wangegunduliwa na maradhi haya katika miaka hiyo, mmoja aliepukana nayo au yalimchelewa. Faida hiyo ilionekana zaidi kwa wanawake kuliko wanaume.

Wales haikubaki peke yake. Watafiti walikwenda Australia, ambako chanjo ya bure kwa wazee wa miaka 70 hadi 79 ilianza Novemba 2016, na ambako pia tarehe ya kuzaliwa iliwagawa watu. Huko nako wenye haki ya kuchanjwa walipata dimenshia kwa uchache kuliko waliokosa haki hiyo kwa siku chache. Na mwaka wa 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakitumia rekodi za Marekani, walionyesha kwamba waliopewa chanjo mpya ya mkanda wa jeshi waliishi muda mrefu zaidi bila dimenshia kuliko waliopewa ile ya zamani, kwa tofauti ya asilimia 17.

Huenda msomaji akauliza, mkanda wa jeshi una uhusiano gani na ubongo? Jibu linaanzia utotoni. Mtoto akipata tetekuwanga, vipele hukauka na mama hushukuru kwamba amepona. Lakini virusi vile havitoki mwilini. Vinakwenda kujificha katika mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo na kichwani, na vinaweza kulala humo miaka 50 au 60. Kinga ya mwili ikipungua, kwa uzee, kwa ugonjwa au kwa mfadhaiko mkubwa, vinaamka na kufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndipo yanapotokea yale malengelenge yanayozunguka upande mmoja wa kifua au mgongo kama mshipi, na maumivu yake ni kama moto.

Virusi hivyo vikiamka, mwili hupigana navyo. Vita hivyo huleta uvimbe na joto, na vikiwa karibu na ubongo, au vikirudiwa mara nyingi, vinaweza kuumiza chembe za ubongo na mishipa yake ya damu. Hiyo ni njia moja inayodhaniwa.

Njia ya pili inahusu jamaa ya virusi hivyo, yaani hepesi ya aina ya kwanza, inayoleta vile vidonda vidogo vya mdomoni ambavyo watu huviita vya homa. Tangu 1991, Profesa Ruth Itzhaki na wenzake wa Manchester, Uingereza, walionyesha kuwa chembechembe za kirusi hicho zimo katika ubongo wa wazee wengi. Baadaye walieleza kwamba hatari iko zaidi kwa wale waliorithi aina fulani ya jini, nazungumzia jini za urithi na sio jini wa kupunga. Kwa miaka mingi wenzao waliwapuuza.

Halafu kuna jambo lililowashangaza wengi. Katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer huonekana mabonge ya protini iitwayo amiloidi, na kwa muda mrefu ilionekana kama takataka tu. Watafiti wa Harvard, marehemu Robert Moir na Rudolph Tanzi, waliona kwamba protini hiyo ina uwezo wa kunasa vijidudu. Huenda basi ni askari wa ubongo, na madhara huja pale askari wanapozidi idadi na kuanza kubomoa nyumba waliyokuja kuilinda.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo na kuweka breki, kwa sababu habari za aina hii hukimbia WhatsApp haraka kuliko daladala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu watu wawili kati ya watatu walio chini ya miaka 50 wana hepesi ya aina ya kwanza. Wengi wao hawatapata dimenshia kamwe. Kwa hivyo kirusi peke yake hakitoshi. Umri, urithi, presha, sukari na mengineyo yamo.

Tena, dawa ya kuua kirusi si lazima imponye aliyekwisha kuugua. Huko Marekani madaktari waliwachukua wagonjwa 120 wa Alzheimer ya mwanzo waliokuwa na hepesi, nusu wakapewa dawa ya valasaiklovia na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, kwa muda wa wiki 78. Matokeo yaliyotangazwa 2025 yalivunja moyo. Dawa haikuzuia ugonjwa kuendelea, na waliopewa kidonge tupu walifanya afadhali kidogo. Yaani, hata kama virusi ndivyo vilivyowasha moto, kuvifukuza nyumba ikiwa tayari inaungua hakuzimi moto. Jambo hili linaipa nguvu hoja ya kinga, lakini pia linatuonya dhidi ya yeyote atakayekuja kutuuzia dawa ya kurudisha kumbukumbu.

Na lieleweke vizuri: dimenshia haiambukizi. Hakuna anayeipata kwa kumlisha mzee, kumuogesha, kulala naye chumba kimoja au kunywea kikombe chake. Tunapozungumzia virusi tunazungumzia vilivyokwisha kuingia kwa wengi wetu tangu tukiwa wadogo. Haitakuwa haki habari hii ikawa sababu mpya ya kuwatenga wazee.

Kuna kirusi kimoja ambacho uhusiano wake na ubongo hauna ubishi, nacho ni VVU. Huingia katika ubongo mapema baada ya maambukizi. Kabla ya dawa za ARV, wagonjwa wengi waliofika hatua za mwisho walipoteza akili kabla ya kupoteza maisha. Dawa zikiliwa sawasawa, hali hiyo kali imekuwa nadra, ingawa usahaulifu mdogo bado huwapata baadhi. Kenya ina karibu watu milioni 1.4 wanaoishi na VVU, na kwa baraka za dawa hizo wengi wao sasa wanazeeka. Ndiyo maana misaada ya Marekani ilipokatizwa mapema 2025 na huduma kutikisika, kilichokuwa hatarini si uhai wao tu. Akili zao za uzeeni zilikuwa hatarini pia. Kaunti zetu na Serikali ya Kitaifa zinapopanga bajeti za afya, hili liwemo kwenye hesabu.

VVU vinatufikisha kwenye jambo ambalo hatulisemi hadharani. Miaka ya tisini, mkanda wa jeshi ulijulikana kama ishara ya ukimwi. Kweli, mwenye VVU huupata kwa urahisi zaidi kwa sababu kinga yake imeshuka, na ni busara kupima. Lakini mzee wa miaka 70 hahitaji VVU ili aupate. Uzee wenyewe unatosha. Hata hivyo mpaka leo wapo wazee wanaoficha malengelenge chini ya kanzu au leso kwa kuogopa maneno ya mtaa. Wengine hupakwa dawa za kienyeji wakisubiri, kwa imani kwamba ukizunguka mwili ukakutana mtu hufa. Siku zinapita. Dawa ya asaiklovia hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, na vikitokea karibu na jicho mgonjwa anaweza kupofuka asipowahi hospitali. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Je, tukimbilie chanjo? Kwa sasa chanjo ya mkanda wa jeshi haimo katika ratiba ya chanjo za bure nchini, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya watoto, na kwa anayeinunua mwenyewe bei si ya mwananchi wa kawaida. Mwenye uwezo na azungumze na daktari wake, kwani hata bila habari ya ubongo inazuia maumivu makali. Lakini kama taifa tunapaswa kuanza kuuliza mapema. Chanjo mpya huchukua miaka mingi kufika Afrika, na asiyeuliza hubaki mwisho wa foleni.

Wakati huo huo, tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka wa 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Virusi havimo katika orodha hiyo. Yamo presha, sukari, lehemu nyingi, sigara, pombe kupita kiasi, unene, kukaa bila mazoezi, majeraha ya kichwa, msongo wa huzuni, upweke, moshi na hewa chafu, kukosa elimu utotoni, na pia kutosikia na kutoona vizuri bila kutibiwa. Mengi ya haya tunayo majumbani mwetu. Kijana anayeendesha bodaboda bila helmeti, mama anayevuta moshi wa kuni kila siku, mzee anayekula dawa ya presha siku anapoumwa kichwa tu, hawa wote wana mlango wa kinga ulio wazi leo hii bila kusubiri Wales.

Wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023 walipewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, na wanapita nyumba hadi nyumba. Si gharama kubwa kuwafunza waulize pia maswali machache ya kumbukumbu na kumpeleka mzee anakostahili. Wafunzwe kutofautisha. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu na Alhamisi anaweweseka hana dimenshia ghafla. Huenda ana malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au upungufu wa maji, na akitibiwa upesi akili hurudi. Usahaulifu unaokuja taratibu nao una sababu nyingine zinazotibika, kama upungufu wa vitamini B12 au matatizo ya tezi. Ukimpeleka kwa mganga kwanza unapoteza nafasi hiyo.

Tunayo pia hazina ambayo hatuisemi vya kutosha. Wales na Australia ziliweza kugundua haya kwa sababu ziliweka rekodi za watu wao kwa miaka. Hapa Kilifi, kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwa kikifuatilia kaya tangu mwaka wa 2000, eneo lenye wakazi zaidi ya robo milioni, kikiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Kituo hicho kimeipa dunia mengi kuhusu malaria na chanjo za watoto. Watoto wale wana nyanya na babu. Pwani yetu imepigwa na chikungunya, dengi na Covid. Lamu peke yake, mwaka wa 2004, uchunguzi wa damu ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi walipatwa na chikungunya. Kufuatilia akili za wazee wa maeneo haya ni kazi inayowezekana, na viongozi wetu wa kaunti wanaweza kuiomba.

Nimalizie pale nilipoanzia. Kaya Godoma, Ganze, ni mahali ambapo wazee waliokimbia kuuawa na watu wao wenyewe wamekuwa wakihifadhiwa. Sote tunajua kwamba nyuma ya tuhuma nyingi za uchawi kuna shamba linalotamaniwa. Lakini tuhuma huhitaji kisingizio, na kisingizio chepesi ni mzee anayetembea usiku bila kujua aendako, anayeongea peke yake, anayemwita mjukuu kwa jina la marehemu. Hizo zote ni dalili zinazojulikana za dimenshia. Kila tukisema wazi kwamba ni maradhi, tunamnyang'anya muuaji kisingizio chake.

Waislamu tuna dua ya kumuomba Mwenyezi Mungu atukinge na kurudishwa katika umri wa udhalili. Waliotutangulia walijua kwamba hali hii ipo, na wala hawakuiita uchawi. Imamu kwenye hotuba ya Ijumaa, mchungaji Jumapili, chifu kwenye baraza na mzee wa kaya wanaweza kulisema hilo kwa dakika tano. Nyumbani, mtoto anaweza kumpima mamake presha wiki hii, na akiona malengelenge mgongoni mwake asisubiri kesho.